Kuacha Sigara: Miaka Inayoweza Kurudi

Mvutaji aliyezoea kununua sigara mojamoja kwenye kibanda cha mtaani kwao, iwe Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au Bukavu, hukuta mambo mengine anapofika Uingereza. Huko kwao alinunua moja asubuhi, moja baada ya chakula cha mchana, na nyingine jioni akiwa barazani. Akikosa sarafu mfukoni, siku ilipita bila moshi. Uingereza iliharamisha uuzaji wa sigara mojamoja kwa sheria ya mwaka 1991, na tangu Mei 2017 pakiti haiwezi kuwa na sigara chini ya 20. Sheria hizo ziliwekwa hasa ili vijana wasiingie kirahisi katika uvutaji, na nia yake ni njema. Lakini kwa mgeni aliyekuwa akivuta tatu kwa siku zina athari isiyokusudiwa: pakiti nzima sasa imo mfukoni, kazi ni ya zamu ya usiku, baridi ni kali, jamaa wako mbali, na sigara ya nne haihitaji tena safari ya dukani. Miaka michache baadaye mtu yuleyule humaliza pakiti kwa siku, na bado hujiita mvutaji mdogo.

Somo hili linamhusu mtu huyo pamoja na nyumba yake.

Miaka kumi

Mengi yanayojulikana leo kuhusu sigara na umri wa binadamu yaligunduliwa hapahapa Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, saratani ya mapafu ilikuwa ikiongezeka kwa kasi na sababu haikujulikana. Richard Doll na Austin Bradford Hill wakaanza kuwahoji wagonjwa katika hospitali za London. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na alidhani kwamba lawama ingeiangukia lami iliyokuwa ikitandazwa barabarani, au moshi wa magari. Majibu ya wagonjwa yalielekeza kwingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950, na kufikia wakati huo Doll alikuwa ameshaacha sigara.

Mwaka 1951 wawili hao waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza kuhusu mazoea yao ya kuvuta, kisha kazi ya kuwafuatilia ikaendelea mwaka baada ya mwaka, kwa kuandika nani amefariki na kwa maradhi gani. Madaktari wanaume 34,439 waliingia katika hesabu iliyotolewa Juni 2004, baada ya nusu karne. Hawa hawakuwa watu wa dhiki, wala hawakukosa elimu ya tiba, walikuwa madaktari. Hata hivyo wale waliovuta maisha yao yote walifariki, kwa wastani, karibu miaka 10 mapema kuliko wenzao wasiovuta.

Sehemu ya pili ya hesabu hiyo haijulikani sana majumbani, nayo ndiyo yenye faida zaidi. Aliyeacha sigara akiwa na umri wa miaka 60 aliokoa takriban miaka 3 kati ya ile 10. Aliyeacha akiwa na miaka 50 aliokoa takriban 6. Kwa aliyeacha akiwa na miaka 40 ilikuwa takriban 9, na aliyeacha kwenye miaka 30 alikaribia kuipata yote. Uchunguzi mwingine mkubwa, uliofanywa kwa wanawake zaidi ya milioni moja wa Uingereza, ulionyesha kwamba wanawake wanaovuta nao hupoteza angalau miaka 10, na kwamba anayeacha kabla ya kufikisha miaka 40 huepuka zaidi ya asilimia 90 ya hatari hiyo ya ziada.

Kwa hiyo maneno yanayosikika sana barazani, kwamba "mimi nimeshavuta miaka thelathini, madhara yameshaingia, kuna faida gani tena kuacha," yana kosa la hesabu. Mwanamume wa miaka 50 anayesema hivyo anaitupa miaka 6. Hiyo ni miaka ya kutosha kumwona mjukuu akianza shule ya msingi hadi anaingia sekondari.

Hiyo miaka 10, isitoshe, ni upungufu wa mwisho tu. Kabla ya kufika hapo, wengi hupita katika miaka ya ugonjwa: kifua kinachobana mtu akipanda ngazi za fleti, mguu unaouma kwa sababu damu haifiki vizuri, kiharusi kinachoulemaza mkono wa kulia wa dereva. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati ya hizo husababisha saratani. Gesi ya kaboni monoksidi iliyomo hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni, hivyo moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi damu iliyobeba kidogo. Kuta za mishipa hukwaruzika, mafuta hujikusanya, damu huganda kwa urahisi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu, maradhi yaliyoenea mno miongoni mwa watu wazima katika jamii hizi, huyaongezea yote mawili mshirika mbaya.

Mwili haukawii kuitikia pale moshi unapokoma. Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo huanza kurudi kwenye kawaida yake. Baada ya saa 48 kaboni monoksidi imeshatoka mwilini, na pua na ulimi huanza kupata uhai. Si ajabu mtu akasema kwamba pilau ya nyumbani imebadilika, kumbe iliyobadilika ni pua yake. Katika miezi 3 hadi 9 kikohozi na mlio wa kifua hupungua. Baada ya mwaka mmoja hatari ya mshtuko wa moyo huwa nusu ya ile ya mvutaji, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo hushuka hadi nusu.

Wapo wanaoona njia ya katikati: kupunguza badala ya kuacha. Kupunguza ni hatua nzuri ikiwa inaelekea kwenye kuacha kabisa. Ikiwa ndiyo kituo cha mwisho, haimlindi mtu kama anavyodhani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ ulikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuona kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba takriban nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mwenye kuvuta 20. Mishipa ya damu haigawi madhara kwa mizani ya dukani. Vivyo hivyo tumbaku ya kusokota kwa mkono, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu ya bei: haina madhara machache zaidi, na moshi wake ni uleule.

Sigara na mawazo

Mtu akiulizwa kwa nini anavuta, mara nyingi jibu halihusu utamu. Jibu ni mawazo. Karatasi za ukaazi hazijajibiwa. Mama mzazi ni mgonjwa Tanga na nauli haipo. Msimamizi kazini ana maneno makali. Mtoto wa kiume anajibu kwa Kiingereza anaposemeshwa kwa Kiswahili. Sigara moja kwenye ngazi za nje, na kifua hutulia. Hakuna anayepaswa kuyadharau maelezo hayo, kwa kuwa utulivu huo ni wa kweli. Linalohitaji kuangaliwa ni asili yake.

Nikotini inayovutwa na moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, pengine haraka zaidi kuliko dawa inayodungwa kwenye mshipa wa mkono. Ubongo huizoea na kuijengea nafasi. Baada ya saa moja au mbili kiwango kikishuka, nafasi hiyo hubaki wazi, na mtu huanza kuhisi wasiwasi, hasira za haraka, kushindwa kutulia mahali pamoja. Katika lugha ya mitaani hali hiyo huitwa arosto. Sigara inayofuata huiondoa. Mvutaji hupima kwa kuiangalia dakika ile tu, na huona kwamba sigara imemtuliza mawazo. Ukweli ni kwamba imemtuliza kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Barua ya ukaazi ingali palepale. Mama bado ni mgonjwa. Kilichoongezeka ni wasiwasi mmoja zaidi, unaorudi mara ishirini kwa siku.

Ndiyo maana tafiti zilizowafuatilia watu kabla na baada ya kuacha zimeonyesha kwamba, wiki chache za mwanzo zikishapita, walioacha huwa na wasiwasi na huzuni kidogo kuliko walipokuwa wakivuta. Wiki hizo za mwanzo ni ngumu, na si haki kumficha mtu jambo hilo. Usingizi huvurugika, kikohozi huweza kuongezeka kwa muda, choo huwa kigumu, hamu ya kula huongezeka na wengi huongeza kilo chache. Watu wa nyumbani huona mzee amekuwa mkali kwa jambo dogo. Siku za kwanza ndizo nzito zaidi; baada ya wiki tatu au nne mzigo hupungua sana. Kila wimbi la kiu, hata likionekana refu, huchukua dakika chache tu. Kunywa maji, kutoka kutembea, kumpigia simu ndugu, kuosha vyombo: kazi yoyote inayoishughulisha mikono kwa dakika tano huwa imeshinda wimbi moja.

Mwenye kutumia dawa za maradhi ya akili, na hasa klozapini, au dawa ya pumu iitwayo theofilini, amjulishe daktari kabla ya kuacha. Moshi hulifanya ini liondoe dawa hizo haraka. Moshi ukikoma, kipimo kilekile cha dawa huweza kuwa kikubwa mno. Hiyo si sababu ya kuendelea kuvuta. Ni sababu ya kupanga pamoja na daktari.

Moshi wa nyumbani

Wavutaji wengi wenye watoto hujitahidi: huvutia jikoni dirisha likiwa wazi, au bafuni mlango ukiwa umefungwa. Jitihada hiyo hutokana na upendo, lakini haitoshi. Sehemu kubwa ya moshi wa sigara haionekani kwa macho. Ile harufu inapopungua, chembechembe bado zinaelea, na katika fleti ndogo zinafika kwenye kitanda cha mtoto. Watoto wanaoishi na moshi huugua zaidi pumu, maambukizo ya kifua na maumivu ya sikio, na kwa mtoto mchanga hatari ya kifo cha ghafla usingizini huongezeka. Katika gari lililofungwa, England na Wales zimeharamisha uvutaji kukiwa na mtu wa chini ya miaka 18 tangu Oktoba 2015. Hakuna polisi anayeingia sebuleni, na hapo ndipo mzazi hubaki kuwa sheria yeye mwenyewe.

Mama mjamzito huombwa na mkunga kupuliza kwenye kifaa kidogo kinachopima kaboni monoksidi. Baadhi ya kina mama huona ni kama wanashukiwa uongo. Kipimo hicho hutolewa kwa kila mjamzito, na wakati mwingine hugundua gesi inayotoka kwa mume anayevuta ndani, au hata kwenye boila mbovu. Mume ambaye anataka mtoto mwenye uzito wa kutosha na anayezaliwa kwa wakati wake ana sehemu ya kutenda hapo, tena tangu miezi ya mwanzo.

Kuna tumbaku ambayo haiitwi sigara, na kwa hiyo huponyoka katika mazungumzo haya. Shisha ni moja. Vijana wengi, wasichana pia, ambao hawangeshika sigara mbele ya wazee wao, hukaa saa nzima na bomba la shisha kwa kuamini kwamba maji husafisha moshi. Maji huupoza moshi, hayausafishi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika kikao cha saa moja mtu huvuta moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja, na makaa yanayowaka juu huongeza kaboni monoksidi yake. Nyingine ni tambuu inayofungwa pamoja na tumbaku, na ugoro unaowekwa mdomoni, ambavyo bibi wengi wa pwani wameishi navyo tangu ujana. Tumbaku ya kutafuna husababisha saratani ya kinywa, na popoo peke yake, hata bila tumbaku, imethibitishwa kuwa chanzo cha saratani. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, au doa jeupe au jekundu lisiloondoka, lionyeshwe kwa daktari au daktari wa meno. Bibi aulizwe kwa heshima, na asikemewe. Wakati alipoanza, hakuna aliyemwambia.

Ramadhani na wiki nne

Mvutaji anayefunga Ramadhani huko kaskazini mwa dunia huwa ameshajithibitishia jambo ambalo wataalamu hutumia muda mwingi kumshawishi. Mwezi unapoangukia kiangazi, hukaa saa 18 au zaidi bila moshi, na hafi. Wataalamu wa England wamezoea kusema kwamba anayefikisha siku 28 bila sigara ana nafasi mara tano zaidi ya kuacha moja kwa moja, na mwezi wa Ramadhani una siku 29 au 30. Hesabu inakaribiana kwa namna ya kupendeza. Tatizo liko kwenye usiku. Wapo wanaofungua kwa sigara kabla hata ya tende, kisha wakavuta mfululizo hadi daku, na mwili hupokea ndani ya saa chache kilichokuwa kikigawanywa katika siku nzima. Anayetaka kuutumia mwezi huo vizuri aanze maandalizi katika Shaabani: azungumze na mfamasia, apunguze sigara za mchana, na aingie Ramadhani akiwa na mpango wa usiku, ambao ndio wenye mtihani.

Kuhusu kuvaa kibandiko cha nikotini mchana wa funga, wanavyuoni ndio wenye kulisemea, na waraka wa afya hautoi fatwa. Muumini amuulize imamu anayemwamini, na amweleze kwamba kibandiko hubandikwa juu ya ngozi na dawa hupenya polepole, haimezwi wala haivutwi. Chingamu na vidonge vya kumumunya hutumika baada ya futari. Familia za Kikristo kutoka Kongo, Burundi na kwingineko zinaweza kupanga vivyo hivyo kwa siku 40 za Kwaresima.

Dawa, na namna ya kuzitumia

Wengi hujaribu kuacha kwa nguvu ya moyo pekee, na wakishindwa hujiona dhaifu wa imani au wa tabia. Nikotini ni miongoni mwa vitu vinavyoleta uraibu mkubwa, na anayepata msaada wa mshauri wa kuacha sigara pamoja na dawa ana nafasi mara tatu zaidi ya kufanikiwa kuliko anayepambana peke yake.

Dawa za nikotini si kubadilisha sigara moja kwa nyingine. Nikotini hufanya uraibu, lakini saratani na maradhi ya mapafu huletwa hasa na moshi. Kibandiko hutoa nikotini kidogo kidogo kwa saa 16 au 24, ili ubongo usilie njaa. Chingamu, kidonge cha kumumunya au dawa ya kupuliza hutumika pale wimbi la kiu linapokuja ghafla. Kutumia vyote viwili, kibandiko na kimojawapo cha hivyo vingine, hufanya kazi vizuri zaidi kuliko kimoja. Makosa mawili hurudiwa sana. La kwanza ni kuitafuna chingamu ya nikotini kama chingamu ya watoto. Hutafunwa polepole mpaka ladha iwe kali, kisha huwekwa kati ya fizi na shavu ipumzike, halafu hutafunwa tena. Na kahawa au maji ya matunda muda mfupi kabla yake huizuia kufanya kazi. La pili ni kuacha dawa baada ya wiki mbili kwa sababu mtu anajisikia amepona. Kwa kawaida hutumika kwa wiki 8 hadi 12.

Zipo pia tembe zisizo na nikotini. Vareniklini huanza kunywewa wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha, na hutumika kwa wiki 12. Sitisini ina mpangilio wa siku 25. Bupropioni ni nyingine. Hizi hazifai kwa mjamzito, na daktari ndiye anayeamua kwa kuangalia maradhi mengine. Katika Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa zinazoandikwa na daktari hazilipiwi. England huwa na malipo, ila wajawazito, watoto na baadhi ya wenye kipato kidogo husamehewa, na huduma nyingi za kuacha sigara hutoa dawa bila gharama. Hata anayelipa alinganishe: pakiti ya sigara 20 imeshapita pauni 14, kwa hiyo pakiti moja kwa siku ni zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka, kiasi kinachoweza kumsafirisha mtu na familia yake kwenda kumwona huyo mama mgonjwa.

Sigara za kielektroniki zimewasaidia baadhi ya wavutaji kuacha, na madhara yake ni machache sana kuliko ya moshi. Hazikosi madhara, hata hivyo. Ni chombo cha mtu mzima anayetoka kwenye sigara. Hazimfai kijana ambaye hakuwahi kuvuta, na zile za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku kuuzwa Uingereza tangu Juni 2025.

Nani afasiri

Ichukuliwe nyumba moja ya mfano. Baba ana miaka 54, Kiingereza chake ni cha kazini tu, na kikohozi chake kimefikisha mwezi wa pili. Anakwenda kwa daktari na binti yake wa miaka 11, aliyekosa shule siku hiyo ili afasiri. Daktari anauliza anavuta sigara ngapi. Baba anatazama sakafu. "Mwambie tano, mwanangu." Binti anajua si tano, yeye ndiye anayetumwa kumwaga kisahani cha majivu. Anasema tano. Daktari anauliza kama ameona damu kwenye makohozi. Hapo baba ananyamaza, kisha anasema hapana, kwa sababu hakuna baba anayetaka kumtisha mtoto wake kwa neno hilo, wala kumfanya alibebe peke yake njiani kurudi nyumbani. Daktari anaandika alichoambiwa.

Katika chumba hicho hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya, na bado habari moja iliyoweza kuokoa maisha haikusemwa. Mgonjwa ana haki ya kupata mkalimani wa Kiswahili bila malipo anapokwenda kwa daktari wa familia. Huombwa wakati wa kupanga miadi, wakati mwingine huwa kwa simu, na hufungwa na kiapo cha siri. Mgonjwa anaweza kumkataa na kuomba mwingine, au kuomba mwanamke au mwanamume. Katika England mtu yeyote anaweza kujiandikisha kwa daktari wa familia bila kuonyesha karatasi za ukaazi wala kitambulisho. Kikohozi kilichozidi wiki tatu, kukonda bila sababu, au damu kwenye makohozi, hata kidogo na hata mara moja, si mambo ya kungojea mwezi ujao.

Kwa ushauri wa kuacha, mlango wa karibu zaidi mara nyingi ni duka la dawa la mtaani, ambako mfamasia huzungumza na mtu kwenye chumba cha faragha bila miadi. England kuna pia simu ya taifa ya bure, 0300 123 1044.

Anayeteleza na kuvuta moja kwenye harusi au msibani hajarudi mwanzo. Watu wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla ya hapo. Asinunue pakiti, aendelee na kibandiko chake, na amweleze mshauri ilikuwa saa ngapi, na nani, na kwa sababu gani, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yatakayobadilisha mpango. Mke au mume nyumbani anaweza kusaidia zaidi kwa kikombe cha chai ya tangawizi saa ile ya sigara ya jioni kuliko kwa hotuba.

Waliokwisha kuacha zamani wana jambo lao pia. England inaendelea kueneza uchunguzi wa mapafu kwa watu wa miaka 55 hadi 74 wanaovuta au waliowahi kuvuta, ili saratani igunduliwe mapema, wakati inatibika. Wanaoalikwa ni wale ambao daktari wa familia anayo kumbukumbu kwamba waliwahi kuvuta, ndiyo maana kusema ukweli siku ya kujiandikisha kuna faida baadaye. Mwaliko huja kwa simu au kwa barua, na barua hiyo huwa ya Kiingereza, ndani ya bahasha ya kawaida, katika nyumba ambazo bahasha za namna hiyo hurundikana juu ya kabati pamoja na matangazo ya piza. Barua yenye alama ya NHS ifunguliwe siku inayofika, na asiyeielewa ampelekee mfamasia.